Mkono Uliotua

Kabla hajagusa kitu, huuliza tarehe. Dripu ya mwisho ilikuwa lini? Leo ni siku ya ngapi tangu hapo? Majibu ya damu ya jana yanasemaje? Homa je, hata ile ya usiku mmoja iliyokuja ikapita? Huuliza haya amekaa kwenye kigoda mbele ya shangazi yangu, mikono ameibana baina ya mapaja yake ipate joto, na mimi natafsiri. Mara ya kwanza nilidhani ni urasimu tu wa Waingereza, watu ambao hata chai hawakupi bila kujaza fomu. Ilinichukua wiki kadhaa kutambua kuwa hapo kazi ilikuwa imeshaanza.

Shangazi alifanyiwa upasuaji wa titi la kushoto hapa London, na tezi za kwapa la upande huohuo zikaondolewa. Nesi alitupa kikaratasi cha kituo cha hisani kilicho mtaa wa pili kutoka hospitali, ambako wagonjwa wa saratani hupata chai, mtu wa kuzungumza naye, na mara moja kwa wiki nusu saa ya shiatsu bila malipo. Shangazi ni mwanamke wa Unguja mwenye haya zake. Aliposikia habari ya kukandwa na mtu asiyemjua alikataa katakata, na hakulegeza msimamo mpaka alipohakikishiwa mambo mawili: havui nguo, na hapakwi mafuta. Akaenda na dera na mtandio wake, akalala navyo, na siku hiyohiyo akampa yule mama mkandaji jina. Analo lake la Kizungu, lakini nyumbani kwetu ni Bi Vidole.

Jina si baya, maana shiatsu yenyewe ni neno la Kijapani lenye vipande viwili: shi ni kidole, atsu ni mgandamizo. Ni jina changa lililopewa kitu kikongwe. Wajapani walikuwa na ukandaji wao, anma, uliotoka China karne nyingi nyuma, na katika karne ya 17 mtu mmoja kipofu aliyeitwa Sugiyama Waichi, bingwa wa tiba ya sindano, alianzisha mafunzo kwa vipofu wenzake, akiungwa mkono na shogun Tsunayoshi. Tangu hapo, kwa vizazi, kukanda kukawa kazi ya vipofu Japani. Jambo hili hunirudia kila nikimtazama Bi Vidole. Ana macho mazuri tu, lakini akifika kwenye mgongo huyafumba, kana kwamba yanampigia kelele.

Aliyeifanya shiatsu ijulikane ni Namikoshi Tokujiro, aliyezaliwa mwaka 1905. Familia yake ilihamia Hokkaido, kaskazini kwenye baridi, yeye akiwa na miaka saba, na huko viungo vya mama yake vikavimba na kuuma. Dawa hawakuwa nazo. Mtoto akawa anatumia alichokuwa nacho, vidole vyake, akigusa palipokuwa pagumu na palipokuwa pa baridi, akikaa zaidi pale ambapo mama aliona nafuu. Mwaka 1940 alifungua chuo Tokyo, na mwaka 1954 aliitwa kumhudumia Marilyn Monroe alipokuwa ziarani Japani, jambo lililomjaza magazetini kuliko wagonjwa wake wote wengine. Baadaye Masunaga Shizuto, aliyesomea saikolojia, akaipa kazi hiyo sura nyingine ya utulivu zaidi, ya mikono miwili inayosikilizana. Bi Vidole ni wa ukoo huo wa Masunaga. Ila mimi nikikumbuka asili ya kazi hii simkumbuki Monroe wala vyuo. Namkumbuka mama mgonjwa kwenye baridi, na mtoto asiye na kitu mkononi.

Sasa mimi mkalimani nilikuwa na tabu yangu. Bi Vidole alipotaka kujua kama nguvu inatosha, nilimwambia shangazi, “Anauliza, akubonyeze zaidi?” Shangazi, macho kafumba, akajibu, “Mwambie hajanibonyeza bado. Kinachobonyezwa ni kengele.”

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya mkono. Tunakanda unga, na tunamkanda mzazi kwa maji ya moto katika arubaini yake. Tunachua kifundo kilichoteguka, kwa mafuta ya karafuu na makelele ya mwenye mguu. Tunamsinga bibi harusi. Tunaminya jipu, tunatomasa embe sokoni mpaka mwenye embe anakunja uso, tunapapasa gizani kutafuta kiberiti. Kila neno lina uzito wake na nia yake, na hakuna hata moja lililokaa sawasawa juu ya kile nilichokuwa nakiona. Shangazi mwenyewe ndiye aliyelipata, wiki ya pili, tukiwa ndani ya basi tunarudi nyumbani.

“Huyu anaegemea,” alisema.

Nilipomtafsiria Bi Vidole wiki iliyofuata alicheka, akasema ametumia miaka kuwaeleza wanafunzi jambo hilo na hakuwa na neno moja la kulibeba. Dole gumba halisukumi. Kinachofanya kazi ni uzito wa mwili, ukitokea tumboni chini ya kitovu, mahali Wajapani wanapopaita hara, ukishuka kupitia bega lililolegea na kiwiko kilichonyooka bila kukazwa. Ni vile mtu anavyoegemea mwimo wa mlango akizungumza na jirani: hafanyi juhudi, na mlango haulalamiki. Ukimsukuma mtu kwa msuli, msuli wake nao hujibu kwa kukaza. Ukimwegemea, baada ya muda mwili wake hukupokea. Kwa mtu mzima mwenye afya, kazi hufanywa sakafuni juu ya godoro jembamba, mkandaji akiwa amepiga magoti, na Bi Vidole aliniambia kwamba mgongo wa dereva wa lori huuwekea karibu nusu ya uzito wa mwili wake, na dereva akaomba zaidi.

Huo ndio ufundi aliousomea. Kinachonishangaza ni kwamba kwa shangazi anatumia sehemu ndogo sana ya ufundi huo, na kwamba kuifikia sehemu hiyo ndogo kulimgharimu miaka mingine.

Turudi kwenye maswali yake. Dawa za saratani hupiga chembe zinazozaliana haraka, na uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, ni kiwanda kisicholala, kwa hiyo nao hupigwa. Idadi ya chembe za damu hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu ya dawa hizo, kisha hupanda tena kabla ya dripu inayofuata. Chembe zinazogandisha damu, kwa mtu mzima mwenye afya, ni kati ya 150,000 na 450,000 katika kila milimita moja ya ujazo. Bi Vidole ana mstari wake: zikishuka chini ya 50,000, dole gumba haliingii kazini, maana mguso ambao kwangu mimi haungeacha alama, kwa shangazi ungeacha michubuko ya zambarau chini ya ngozi. Na chembe nyeupe nazo zikishuka, hatari inageuka upande: sasa mkandaji ndiye wa kuogopwa. Bi Vidole akipiga chafya asubuhi, haji. Hupiga simu.

Kisha anauliza habari ya mifupa. Saratani ya titi ikisafiri, mifupa ni mojawapo ya sehemu inazozipenda, na mfupa uliotafunwa ndani unaweza kuvunjika kwa kuegemewa tu. Anauliza kuhusu miguu, kwa sababu ugonjwa huu na dawa zake huifanya damu iwe rahisi kuganda mishipani. Shavu la mguu lililovimba upande mmoja, lenye joto na maumivu, halipaswi kuonja kidole cha mtu, linapaswa kwenda kwa daktari. Kwenye mkono wa kushoto wa shangazi, kwa kuwa tezi za kwapa zimeondolewa, maji ya mwili hayana njia nzuri ya kurudi, na mkono kama huo unaweza kuvimba na kubaki hivyo maisha. Basi hapo hapaegemewi. Chini ya mtulinga wa kulia kuna kifaa kilichopandikizwa cha kupitishia dawa. Hapo napo mkono unapita mbali. Ngozi ikishapigwa mionzi ichukulie kama imeungua, kwa sababu kweli imeungua.

Mtu akisikiliza haya yote anaweza kujiuliza, sasa kimebaki nini? Mvuvi wa kwetu angesema maji yamekupwa na miamba yote iko nje. Lakini ndipo nilipoanza kumpenda mama huyu kama fundi. Hakuwahi kuonyesha kwamba amenyimwa. Alibakiwa na nyayo, viganja, kichwa, bega la kulia, kipande cha mgongo, na alivifanyia kazi kama mtu aliyepewa nchi nzima.

Na mito! Sijaona mtu anayeheshimu mito kiasi hicho. Shangazi hawezi kulala kifudifudi kwa sababu ya kovu, na akilala chali kabisa kichefuchefu kinampanda. Kwa hiyo Bi Vidole humjengea. Miwili chini ya magoti, mmoja mrefu chini ya mkono wa kushoto ili kiganja kiwe juu kidogo kuliko kiwiko, mitatu nyuma ya mgongo kwa ngazi, na taulo iliyokunjwa kujaza lile shimo la shingo ambalo mto wowote huliacha. Anaweka, anarudi nyuma hatua moja, anatazama, anatoa mmoja, anaukunja, anaurudisha. Siku moja nilitazama saa: dakika nane zilikwenda kwenye mito kati ya dakika thelathini tulizopewa. “Anatandika kitanda cha biharusi,” shangazi akasema, na nilipomtafsiria Bi Vidole akasema hapana, biharusi hulala popote.

Huanzia miguuni. Viganja viwili juu ya nyayo mbili, soksi zikiwa zimevaliwa, halafu hafanyi lolote. Nilikuwa nadhani anapumzika. Kumbe anasubiri pumzi. Uzito huingia mtu anapotoa pumzi na hutoka anapovuta, na ukitaka kuingia na pumzi ya mtu lazima kwanza uijue. Na pumzi ya mgonjwa aliyetoka kwenye baridi ya London, akapanda ngazi, akaulizwa maswali kumi, si pumzi yake ya kweli. Inachukua dakika mbili au tatu irudi. Unaona kifua kinashuka chini kidogo zaidi kuliko mara iliyopita. Hapo ndipo Bi Vidole naye anasogea mbele, kiasi ambacho usipojua cha kutazama hukioni.

Wajapani huziita sehemu wanazozigusa tsubo, na tsubo ni mtungi. Nilifurahi kusikia hivyo, kwa sababu sisi nasi tunaujua mtungi: haubonyezwi. Unaweka kiganja juu ya mdomo wake na unahisi ubaridi wa maji yaliyo chini. Kwenye wayo kuna mtungi ambao Wachina waliuita chemchemi ibubujikayo. Chini ya goti, upande wa nje wa muundi, kuna mwingine uitwao sanri, ambao mshairi Matsuo Basho aliuchoma moto wa majani makavu kujitia nguvu kabla ya kuanza safari yake ndefu ya kaskazini mwaka 1689. Mimi si mtu wa kuamini mikondo isiyoonekana, na Bi Vidole hajanitaka niamini. Husema ramani ile imemfaa kujua pa kusimama.

Mtungi mmoja ndio ulioingia kabisa nyumbani kwetu. Upo upande wa ndani wa mkono, vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, baina ya ile mishipa miwili migumu inayojitokeza ukikunja ngumi. Ni wa kichefuchefu. Wasafiri wa baharini hununua ukanda wa mkononi wenye kifungo kinachokaa papo hapo. Mwaka 1997 jopo la wataalamu lililoitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani lilikubali kwamba sindano za Kichina husaidia kichefuchefu cha dawa za saratani. Na kwa upande wa kidole, tafiti zilipokusanywa pamoja zilionyesha nafuu katika siku ya kwanza ya dripu, si sana siku zinazofuata. Kwa shangazi ilikuwa vivyo hivyo. Alipokuwa kwenye ile dawa ya mwanzo, nyekundu kama Vimto, inayotoka kwenye mkojo ikiwa bado nyekundu, alikaa siku nzima ya kwanza dole gumba la kushoto limeshika mkono wa kulia kama anayejipima mapigo ya moyo. Siku ya pili alitapika kama kawaida. Na Vimto hajainywa tena, hata Ramadhani.

Wanaopenda miujiza watakuwa wameshakata tamaa na makala hii, na ni vizuri. Siku ya kwanza kabisa Bi Vidole alinitaka nimtafsirie shangazi sentensi moja kabla ya nyingine zote: hiki ninachofanya hakitibu saratani. Sisi tuliokuwa na umri wa kuelewa mwaka 2011 tunakumbuka foleni ya magari kwenda kunywa dawa ya miujiza Samunge, Loliondo, kikombe shilingi 500, na wagonjwa walioacha dawa zao kwa sababu ya kikombe. Mtu anayeanza kwa kukuambia asichokiweza ana haki ya kusikilizwa kwa anachokiweza. Na anachokiweza si kidogo. Katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York, watafiti walichapisha mwaka 2004 matokeo ya wagonjwa 1,290 waliokandwa kwa namna mbalimbali, na ukali wa maumivu, uchovu, wasiwasi na kichefuchefu walioueleza wenyewe ulipungua kwa karibu nusu. Hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo, kwa hiyo mwenye shaka ana pa kusimama. Lakini nusu ni nusu, kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha dripu.

Kulikuwa pia na simu ya kutoka nyumbani. Jirani wa shangazi alisikia, akapiga usiku kuonya kwamba kukandwa kunaisambaza saratani mwilini. Hofu hiyo hata huku wanayo, na kwa muda mrefu hata waganga wa kukanda waliwakataa wagonjwa kwa sababu yake. Daktari wa shangazi aliijibu kwa upole: saratani husafiri kwa mabadiliko ya chembe zenyewe, na kama kusukuma damu kungekuwa ndiko kunakoisafirisha, kupanda ngazi kungekuwa hatari kuliko kiganja chochote. Uvimbe wenyewe hauegemewi, hilo ni kweli, na Bi Vidole hakuwahi hata kuukaribia upande ule.

Masunaga alifundisha mikono miwili, mmoja wa mama na mmoja wa mtoto. Wa mtoto hutembea. Wa mama hukaa mahali pamoja tu, mara nyingi karibu na tumbo au kiuno, na kwa mtazamaji unaonekana umesahauliwa pale. Nilimuuliza shangazi anausikia upi. “Ule uliokaa,” akasema. “Ule mwingine unakuja na kuondoka.”

Nilitaka kujua kama mimi pia naweza kukaa hivyo. Bi Vidole akanipa mkono wake, nikaweka kiganja changu juu yake. Akaniambia niwaze vitu vya kununua sokoni. Nikaanza: vitunguu, nazi ya kopo, mchele. “Umeondoka,” akasema, na kweli nilikuwa nimefika kwenye mchele. Sikuwa nimeuinua mkono wala kuupunguza. Yeye mwenyewe, alipoanza kazi na wagonjwa hawa, alijifunza kwenye mizani ya jikoni, akiweka kiganja mpaka mshale ufike gramu 200 na utulie pale bila kutetemeka kwa pumzi kumi, halafu 100, halafu 50. Anasema 50 ni ngumu kuliko kumwegemea dereva wa lori. Mkono mwepesi hutetemeka, na ukitetemeka huyo aliye chini yake anakaa macho kukungojea.

Mzunguko wa pili wa ile dawa nyekundu, siku ya kumi, tulifika tukiwa wachangamfu. Shangazi alikuwa amekula. Alilalamika baridi kidogo, lakini nani halalamiki baridi katika mji huu. Bi Vidole alimpa mkono kumwamkia na hakuuachia mara moja. Akauliza majibu ya damu, hayakuwa yametoka. Akaleta kipimajoto: 38.3. Akaacha mito palepale ilipokuwa, akanitaka nitoe ile kadi ya dharura ambayo kila mgonjwa wa dripu hupewa, akasimama pembeni mpaka nilipopata mtu kwenye simu. Mtu ambaye chembe zake nyeupe zimekwisha hawezi kusubiri homa ipite. Kanuni ya hospitali za huku ni dawa ya kuua vijidudu iingie mshipani ndani ya saa moja. Shangazi alilazwa usiku tatu. Alinung'unika ndani ya teksi kwamba amekosa nusu saa yake, na mimi nikawa nafikiria ule mkono ulioshikwa sekunde nne au tano mlangoni, na mafunzo ya miaka mingapi yaliyopita ndani yake.

Mzunguko wa tatu, majibu yalipokuwa mabaya, alimpokea kwa viganja tu. Hakukuwa na kuegemea tena. Nilitazama kwa makini na sikuona uzito wowote ukiingia. Pumzi ilikuja na kwenda, na viganja vikabaki, kwenye nyayo, kisha kichwani juu ya mtandio, kisha mmoja tumboni na mmoja begani kwa muda mrefu sana. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Nilifikiri shangazi atasema leo hakufanyiwa kitu.

“Leo ametua,” alisema alipofungua macho.

Nilihangaika nalo kulitafsiri na sikuliweza. Ndege hutua juu ya tawi na tawi haliinami. Jua hutua. Mchukuzi hutua mzigo, na moyo wa mtu hutua baada ya habari njema. Nilimweleza Bi Vidole haya yote moja moja, yeye akikunja mito, na alipofika mto wa mwisho akaniomba nimwandikie neno hilo kwenye karatasi. Nilimkuta baadaye amelibandika ndani ya kabati la mashuka.

Kisha ikaja dawa ya kila wiki, na pamoja nayo ganzi. Ilianzia kwenye ncha za vidole vya miguu ikapanda. Mguu wenye ganzi ni mtihani mpya kwa mkandaji, kwa sababu haujui kusema unaumia. Ukimuuliza mwenyewe atakujibu sawa, na sawa hiyo haina thamani. Bi Vidole aliacha kumuuliza. Akawa anatazama nyusi, na vidole vya mguu ambao hakuugusa, ambavyo hujikunja kidogo pale mwenzake anapozidiwa. Kupapasa kulimchoma shangazi kama siafu. Kiganja kizima kilichokaa kimya, alikivumilia, kisha akawa anakingoja.

Siafu hao hupenda usiku. Usiku mmoja alinigongea ukuta. Nikaenda nikakaa kwenye mwisho wa kitanda chake, nikaibana mikono baina ya mapaja yangu mpaka ikapata joto, kisha nikaweka viganja juu ya nyayo zake, soksi zikiwa zimevaliwa. Nikangoja pumzi yake. Nilikuwa na zamu ya saa kumi na mbili asubuhi, na mara nikajikuta nahesabu saa nilizobakiwa nazo za kulala.

“Mkono wako una haraka,” akasema gizani.

Nikauliza niuondoe?

“Mimi sijasema uondoe.”